Uwililugha na Fikra: Mfano wa Mtoto wa Njoro

Je, lugha mbili huitajirisha akili ya mtoto au huigawa? Swali hili lina uzito katika Bonde la Ufa, hasa Njoro na Molo, ambako mtoto aweza kulelewa kwa Kigikuyu au Kikalenjin, akacheza kwa Kiswahili na kufundishwa kwa Kiingereza.

Mfano wa hesabu watosha. Kwa Kigikuyu, 30 ni mĩrongo ĩtatũ, yaani makumi matatu. Jina lenyewe lafichua hesabu. Thelathini, neno lenye asili ya Kiarabu, halifichui. Mtoto ayajuaye yote mawili hutambua kwamba idadi ni moja ilhali majina ni mawili. Hivyo hutenganisha neno na dhana. Vygotsky alilidokeza jambo hili mwaka 1934.

Hata hivyo, faida hiyo hudai lugha zote mbili zikue. Ndiyo sababu Ripoti ya Gachathi ya 1976 ilipendekeza lugha ya eneo la shule itumike katika madarasa matatu ya mwanzo. Kumwadhibu mtoto kwa kusema lugha ya mamaye, basi, si malezi bali ni dhuluma: humnyima kipimo cha kuipimia lugha ya pili.