Ulimi Nao Hukosea

Kauli ya kwamba kila mtu na ladha yake imefunga mabishano mengi mezani, na wengi huichukua kama hekima isiyo na jibu. Ikiwa ni kweli tupu, basi marafiki wanaokaa jioni nzima kuonja wiski za kisiwa kimoja, wakilinganisha glasi na glasi, wakiandika na kubishana, wanapoteza muda wao. Wangekuwa wanagombania jambo lisiloweza kuwa kweli wala uongo. Mimi nadai kinyume chake: wana jambo la kubishania, kwa sababu ulimi unaweza kukosea, na kinachoweza kukosea kinaweza pia kupatia.

Tuchukue Islay, kisiwa cha Uskoti ambacho hupendwa sana kuwa mada ya jioni za namna hii. Huko kimea cha shayiri hukaushwa kwa moshi wa piti, yaani udongo mweusi wa mabwawani uliotokana na mimea iliyooza nusunusu kwa maelfu ya miaka, ambao hukatwa mabonge, ukakaushwa na kuchomwa kama kuni. Moshi huo huacha kwenye nafaka kemikali za jamii ya fenoli, na kiasi chake hudumu mpaka ndani ya chupa, hata baada ya kinywaji kukaa miaka kwenye pipa la mwaloni. Laphroaig, Lagavulin na Ardbeg, viwanda vitatu vilivyofuatana kwenye pwani ya kusini, vinajulikana kwa moshi mzito. Lakini kaskazini-mashariki mwa kisiwa hichohicho kipo Bunnahabhain, ambacho wiski yake ya kawaida hutengenezwa kwa kimea kisichofukizwa moshi huo. Mwenyeji mjanja atafunika chupa zote, kisha aipenyeze Bunnahabhain kati ya zile tatu. Mgeni aliyeambiwa kwamba leo ni Islay, akatangaza kuwa glasi zote nne zinanuka moshi mzito ule ule, hajatoa maoni yake tu. Amekosea, na vipimo vya maabara vitamwonyesha hivyo.

Mwanafalsafa David Hume, ambaye naye alikuwa Mskoti, aliliona jambo hili mwaka 1757 katika insha yake juu ya kipimo cha ladha. Alitumia kisa kutoka riwaya ya Cervantes, Don Quixote. Jamaa wawili wa Sancho, mtumishi wa Don Quixote, waliombwa kuonja divai ya pipa moja. Wa kwanza akasema ni nzuri, ila ina ladha kidogo ya ngozi. Wa pili naye akaisifu, lakini akasema ina ladha ya chuma. Wote wawili walichekwa. Pipa lilipokwisha, chini yake ukaonekana ufunguo wa zamani wenye kamba ya ngozi. Kinachonivutia hapa ni kwamba walipishana na bado wote wawili walikuwa sahihi, kila mmoja amenusa upande wake. Ndiyo maana mezani mmoja akisema Laphroaig inanuka iodini ya hospitali na mwingine akasema inanuka samaki wa kukaushwa kwa moshi, hatulazimiki kumchagua mmoja. Huenda kila mmoja ameshika sehemu ya kilichomo kwenye glasi. Hata tone la maji linaloongezwa si mbwembwe tu. Mwaka 2017 wanakemia wawili wa Sweden walionyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba kileo kikipunguzwa makali, guayakoli, mojawapo ya kemikali zinazoipa wiski harufu ya moshi, hupanda kuelekea juu ya kinywaji, ambako pua huipata kwa urahisi.

Mpinzani wa kwanza ataleta jaribio mashuhuri la Bordeaux lililochapishwa mwaka 2001. Wanafunzi 54 wa taaluma ya divai walipewa divai nyeupe iliyotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, nao wakaieleza kwa maneno ya divai nyekundu. Basi wajuzi wote ni waongo? Nauona ushahidi huu unanisaidia mimi. Hatuwezi kusema macho yaliwadanganya bila kukubali kwamba palikuwa na ukweli ambao pua zao ziliukosa. Jaribio linashusha majivuno ya wajuzi, na ni vizuri yashuke, lakini haliondoi kipimo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Mwanafalsafa Kant, mwaka 1790, alisema kuwa mtu anayeipenda divai ya Canary atakubali kusahihishwa aseme inampendeza yeye tu. Kutambua moshi ni jambo moja, kuupenda ni jingine, na asiyeupenda hawezi kulazimishwa. Nakubali, lakini si moja kwa moja. Raha nayo husimama juu ya kile mtu anachoamini. Mwaka 2023 chupa moja ya wiski ya Macallan ya 1926 iliuzwa London kwa zaidi ya pauni milioni 2, na sidhani kama kuna mtu anayeamini kwamba bei ile ilipimwa kwa ulimi. Anayefurahia namba iliyo kwenye lebo anafurahia namba. Akifunikiwa chupa na furaha ikatoweka, hapo tumejua ilikuwa imeegemea wapi.

Wapo wasomaji watakaouliza kwa nini hoja ijengwe juu ya kilichoharamishwa na Uislamu na kukatazwa na makanisa mengi. Haitegemei kileo. Waonjaji chai wa Mombasa hufyonza kijiko kwa kishindo, hutema, kisha hutoa hukumu ambayo wanunuzi wa mnadani huitegemea kwa fedha zao. Naye mwanazuoni wa Kiislamu Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alifundisha kwamba kujua maana ya ulevi si sawa na kulewa, na kwamba mlevi hajui maana ya ulevi wakati mtu asiyelewa anaijua. Neno hilo linawahukumu waonjaji kutoka ndani ya shughuli yao wenyewe. Wiski ya Uskoti kwa sheria haipungui asilimia 40 ya kileo, na kila glasi inayomezwa inaufifisha ulimi unaotakiwa kuipima ile inayofuata. Wanaotema kama watu wa chai wana haki ya kuita shughuli yao kuonja. Wanaomeza zote mpaka chupa ya mwisho wanakunywa, na hilo lina hukumu yake nyingine.

Kwa hiyo anayeandaa jioni kama hiyo afunike chupa, agawe karatasi, na kila mtu aandike alichokipata kabla mwenye sauti kubwa hajafungua mdomo. Mabishano yaje baadaye, na aliyekosea aambiwe amekosea.