Ahadi ni Deni, na Pointi Je?

Katika soko la Cibitoke, mama muuza ndagala akishakupimia kopo lako huchota tena kiganja kimoja na kukuongezea. Hiyo ni nyongeza. Hakuna aliyeiahidi, hakuna anayeiandika daftarini, na siku akikunyima huwezi kumshtaki popote. Utanuna kidogo, kesho utajaribu meza ya jirani yake, na mambo yataishia hapo. Nyongeza ni zawadi, na zawadi ni hiari ya mtoaji.

Kampuni kubwa nazo zina kitu kinachofanana na nyongeza. Huitwa pointi. Unapiga simu, unanunua unga katika duka kubwa au unapanda ndege, na kila unapolipa unaandikiwa pointi. Zikifika idadi fulani unazibadilisha kwa muda wa maongezi, bidhaa au tiketi. Kinachowaudhi watu wengi ni kwamba pointi hizo huyeyuka. Kilichohitaji pointi 500 mwaka jana, leo kinahitaji 900. Nyingine hufutwa kabisa kwa sababu zimekaa muda mrefu. Mteja akilalamika hujibiwa kwamba ile ilikuwa zawadi tu, ashukuru kwa alichopata. Katika insha hii nauliza kama jibu hilo ni la haki. Nitajaribu kuonyesha kwamba si la haki, kwa sababu pointi si nyongeza ya mama wa ndagala. Pointi ni deni.

Tuanze na mambo yalivyo. Mwaka 1981 kampuni ya ndege ya American Airlines ilianzisha programu ya AAdvantage, ambayo kampuni nyingi za ndege ziliiga baadaye. Katika Afrika Mashariki, mfano unaojulikana sana ni Bonga Points za Safaricom nchini Kenya, zilizoanza mwaka 2007. Mteja alipata pointi moja kwa kila shilingi 10 alizotumia. Mwaka 2022 kampuni hiyo ilitangaza kwamba kuanzia tarehe 1 Januari 2023, pointi zilizokaa zaidi ya miaka mitatu bila kutumiwa zitafutwa. Wateja walilalamika, na kabla ya siku hiyo kufika kampuni ikatangaza kuusitisha mpango huo.

Kinachonivutia hapo ni ile hasira. Mtu aliyekosa zawadi husikitika, lakini hakasiriki hivyo. Wale walikasirika kama watu wanaochukuliwa kilicho chao. Hata hivyo, hasira peke yake si hoja. Mtoto naye hukasirika akinyimwa peremende ambayo si yake. Tunapaswa kuuliza kama hasira hiyo ina msingi.

Msingi wa kwanza ni mpangilio wa wakati. Mama wa ndagala huongeza baada ya biashara kwisha, na hakuniambia lolote kabla. Kampuni hutangaza pointi kabla sijanunua, na hutangaza ili ninunue. Mimi mwenyewe nilikaa miezi mingi kwenye mtandao mmoja wa simu, ingawa kulikuwa na mwingine wenye bei nafuu, kwa kuwa nilitaka kufikisha pointi za kupata kifurushi cha intaneti cha kumalizia kazi za muhula. Nilipokaribia, ujumbe mfupi ukaja ukisema kwamba kifurushi kile sasa kinahitaji karibu mara mbili ya pointi za awali. Tazama hali ilivyokuwa. Upande wangu wa makubaliano ulikuwa umekwisha kutekelezwa: faranga nilikuwa nimelipa, na nafuu ya mtandao mwingine nilikuwa nimeiacha. Upande wa pili ndio uliokuwa umebaki, na ndio uliobadilishwa. Mtu akisema "fanya hili nami nitafanya lile", kisha ukalifanya, neno lake limeacha kuwa tangazo. Limekuwa ahadi yenye mdai.

Msingi wa pili unatoka kwa wahasibu wa kampuni zenyewe. Kanuni ya kimataifa ya uhasibu iitwayo IFRS 15, inayotumika tangu mwaka 2018, inasema kwamba pointi zikimpa mteja haki yenye thamani, kampuni haiwezi kuhesabu fedha yote ya mauzo kuwa mapato siku ileile. Sehemu inayolingana na thamani ya pointi huwekwa kando kama wajibu kwa mteja, mpaka pointi zitumike au zifikie mwisho wa muda wake. Maana yake ni nzito kuliko inavyoonekana. Kwanza, katika vitabu vya kampuni pointi si zawadi: mteja alizilipia ndani ya bei. Pili, pointi zinapofutwa, kile kilichoandikwa kuwa wajibu hugeuka kuwa mapato. Kwa hiyo kampuni inamwambia mteja kwamba hamdai chochote, huku mhasibu wake akiandika kwamba anamdai.

Wenye mikopo nao wameona thamani hiyo. Mwaka 2020, janga la korona lilipozisimamisha ndege, United Airlines ya Marekani ilikopa dola bilioni 6.8 kwa kuweka rehani programu yake ya MileagePlus. Hakuna mkopeshaji anayepokea rehani ya kitu kisicho na thamani. Basi ni ajabu kwamba uaminifu wa wateja una thamani ya mabilioni unapopelekwa benki, lakini huwa "zawadi tu" mteja mwenyewe anapokuja kuudai.

Sasa nizikabili pingamizi, kwa kuwa zipo, na baadhi yake zina nguvu.

Pingamizi la kwanza ni lile la herufi ndogo: "vigezo na masharti kuzingatiwa". Mteja alikubali kwamba kampuni inaweza kubadilisha thamani wakati wowote, na aliyekubali hadhulumiwi. Nakubali kwamba sharti linaweza kuiwekea ahadi mipaka. Nikikuahidi kukusindikiza mvua isiponyesha, mvua ikanyesha, sijavunja neno. Lakini sharti linalosema "nitakupa hiki, ila naweza kukibadilisha nitakavyo hata baada ya wewe kumaliza sehemu yako" haliwekei ahadi mpaka. Linaifuta. Fikiria ikirimba, chama chetu cha kuchangiana na kupokezana zamu. Watu kumi wanachanga kila mwezi na mmoja anapokea. Aliyepokea wa kwanza akisema kwamba kuanzia sasa atachanga nusu, kwa sababu hakuna aliyemkataza kubadilisha, nani mtaani atakubali hoja yake? Kant, mwaka 1785, aliuliza kama mtu anaweza kutoa ahadi huku akijua hataitimiza, akajibu kwamba kila mmoja akifanya hivyo ahadi zenyewe zitakosa maana, maana hakuna atakayeziamini. Sisemi kwamba kila kampuni ilikusudia kudanganya. Nasema kwamba sharti la namna hii linataka faida ya kuaminiwa bila mzigo wa kufungwa na neno.

Pingamizi la pili linatugusa sisi Warundi moja kwa moja. Mbona hata fedha hupoteza thamani? Mwezi Mei 2023 Benki ya Jamhuri ya Burundi ilishusha thamani rasmi ya faranga, na bei rasmi ya dola ikapanda kwa takriban asilimia 38. Kama hata faranga haina uhakika, kwa nini pointi ziwe nao? Nina majibu mawili. Kwanza, jambo likitokea mara nyingi halithibitishi kuwa ni la haki, na anayeshusha thamani ya fedha naye huulizwa maswali. Pili, hali mbili hizi hazilingani. Mwenye faranga akiona bei zinapanda anaweza kukimbilia mchele, saruji au mbuzi, kwa muuzaji yeyote atakayemtaka. Mwenye pointi ana dirisha moja tu. Yule anayetoa pointi ndiye mwenye duka pekee linalozipokea, ndiye anayepanga bei ndani ya duka hilo, na ndiye anayesikiliza malalamiko. Mamlaka yakiwa makubwa kiasi hicho, wajibu wa kuyatumia kwa haki unazidi kuwa mkubwa.

Pingamizi la tatu ni la dhiki. Kampuni inaweza kukwama, na haiwezekani kutoa isichokuwa nacho. Hapa nakubali zaidi. Nakumatt, iliyowahi kuwa mtandao mkubwa wa maduka nchini Kenya na kufungua matawi Uganda, Tanzania na Rwanda, ilianguka kwa madeni, na Januari 2020 wadai wake wakapiga kura kuifunga. Waliokuwa na pointi kwenye kadi zake hawakuwa tena na duka la kwenda nazo. Ni hasara, lakini sithubutu kuiita dhuluma ya aina ninayoijadili. Mdaiwa aliyefilisika tunamhurumia, hata akituumiza. Anayepunguza deni kwa kalamu yake mwenyewe, huku duka limejaa bidhaa na faida inatangazwa, yeye hajashindwa kulipa. Ameamua kudaiwa kidogo.

Pingamizi la nne ndilo ninalolisikia zaidi kwa wenzangu: jambo lenyewe ni dogo, pointi zangu zote hazifiki bei ya soda. Ni kweli kwa mmoja mmoja. Lakini anayewachukulia watu milioni moja kidogo kidogo hajachukua kidogo. Na udogo huo haugawanyiki sawa. Mwenye kipato kizuri hazihesabu pointi zake. Anayezihesabu ni mwanafunzi anayesubiri intaneti ya jioni moja ili atume kazi yake, au mama anayetaka dakika kumi za kumpigia mtoto aliye mbali. Waliojali ndio wanaoumia, na walijali kwa sababu waliombwa wajali.

Yapo na mambo ya zamani yanayonisaidia kuelewa aibu iliyomo katika jambo hili. Katika ubugabire, mtu alipewa ng'ombe na kuingia katika uhusiano wa utii na kusaidiana na aliyempa. Neno kwitura, kurudisha fadhila, lilikuwa na uzito. Uhusiano ule haukuwa wa usawa, na siutamani urudi. Bwana mwenye nguvu aliweza hata kumnyang'anya mtu ng'ombe. Lakini aliponyang'anya, zizi lilibaki tupu na jirani wote wakaona. Pointi zinachukuliwa bila zizi kubaki tupu. Nilikuwa na pointi 2,000 na bado simu inaonyesha 2,000. Hakuna kilichopungua, isipokuwa kile ambacho namba hiyo ingeninunulia. Uchukuaji usioonekana ni mgumu kulalamikiwa, na ndiyo sababu inafaa tuutaje kwa jina lake.

Je, kampuni isibadilishe kitu milele? Sivyo. Inaweza kutoa pointi chache zaidi kuanzia mwezi ujao, maana bado sijanunua na niko huru kuondoka. Inaweza kuweka muda wa mwisho, mradi niwe nimeambiwa siku ya kwanza, nisiambiwe siku ya kuchukua. Inaweza hata kuifunga programu nzima, ikinipa muda wa kutosha kutumia nilizonazo kwa bei ya zamani. Kisichofaa ni kurudi nyuma na kubadilisha bei ya kitu nilichokwisha kukilipia. Mpaka wenyewe si mgumu kuuona: mbele una hiari, nyuma una deni.

Watu wenye busara hunishauri nitumie pointi mapema, nisizilimbikize. Ni ushauri mzuri, lakini sikilizeni unachosema: usiwaamini. Programu iliyoanzishwa kwa jina la uaminifu inatufundisha kutoamini. Katika Kiswahili neno hilo lina ndugu zake, kuamini na amana, na amana ni mali ya mtu iliyo mkononi mwa mwingine. Sisi tunaosoma lugha hii ndio kesho tutakaoajiriwa kutafsiri matangazo na ujumbe wa kampuni hizo. Tutaletewa sentensi itakayotaka tuandike kwamba zawadi za mteja zimerekebishwa. Kabla ya kuandika, tuulize kilichorekebishwa kilikuwa cha nani. Kikiwa cha mteja, tuandike kwamba deni limepunguzwa, na kampuni ikilikataa neno hilo, ieleze kwa nini wahasibu wake wanalitumia.