Tasnifu na Zamu ya Usiku

Baridi ya Nyeri imeamka nasi, na asubuhi hii namfikiria muuguzi anayetoka zamu ya usiku huku akidaiwa sura ya tasnifu.

Turudi Machi 2020. Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona tarehe 13, na ndani ya wiki moja vyuo vikuu vikafungwa. Wanafunzi wengi walirudi nyumbani. Muuguzi wa uzamili hakwenda popote: darasa lilifungwa, wadi ikabaki wazi, na wadi ndiyo kazi yake. Aprili 6, Nairobi ikafungiwa. Aliyefanya kazi Nyeri au Karatina na kusomea Nairobi, safari yake ilikomea daraja la Chania, pale Thika, hadi Julai. Msimamizi wake akawa sauti ya simu, na bando la intaneti likatoka kwenye mshahara ule ule uliolipa karo.

Na utafiti? Angemhoji vipi mgonjwa ambaye hata mkewe hakuruhusiwa kumwona? Kisha Desemba wauguzi wakagoma, wakidai vifaa vya kujikinga na bima ya afya. Hili linaniuma, kwa sababu 2020 ndio uliotangazwa na Shirika la Afya Duniani kuwa Mwaka wa Muuguzi na Mkunga.

Wakuu wa vyuo na wa kaunti zetu, wapeni wauguzi hawa likizo ya masomo yenye mshahara, na muda wa kutosha wa kumaliza tasnifu. Wapeni sasa, kabla janga jingine halijabisha hodi.