Kalamu ya Mwanafunzi na Amana ya Ushahidi

Mtoto wa Pangani, nayo si Pangani ya Tanga yenye mto na bahari bali ni kata ya mji wa Kibaha katika mkoa wa Pwani, aghalabu hufika umri wa miaka kumi na mitatu au kumi na minne akiwa amekwisha kupita mikononi mwa lugha nne: Kizaramo au Kikwere alichokisikia kwa bibi yake, Kiswahili alichochezea na kusomea, Kiarabu alichokikariri chuoni ikiwa ni mtoto wa Kiislamu, na Kiingereza, ambacho katika shule ya msingi kilikuwa somo moja kati ya masomo, na ambacho siku ya kuingia kidato cha kwanza hugeuka ghafla kikawa mlango wa masomo karibu yote. Wazazi wake na walimu wake huuliza, nao wana haki ya kuuliza, ni kwa njia gani atajua kuiandika lugha hiyo ya nne kwa usahihi na kujiwekea akiba ya maneno ya kumtosha. Nataka kulitazama swali hilo kwa upande usiotazamwa sana, yaani upande wa dini na maadili. Naona kwamba kabla ya kuuliza mtoto aandikeje, imetupasa kuuliza kama ni halali kumzoeza kuandika asilolijua.

Aliyepata kushika kalamu nyekundu mbele ya rundo la madaftari anaijua insha hii, maana ni moja tu ingawa imeandikwa na watoto arubaini. Mtoto ameambiwa aeleze siku asiyoweza kuisahau. Naye, ambaye juma lililopita tu aliamka alfajiri kuokota korosho pamoja na mama yake, au alishinda kando ya barabara kuu iendayo Morogoro akiwauzia abiria maji ya chupa, huandika habari za safari ya Serengeti, na jua lililochomoza kwa madaha, na simba waliomtazama kwa haiba, kwa vivumishi alivyovivuna katika kitabu cha maswali na majibu, na kwa methali ya Kiingereza iliyobandikwa mwanzoni kama ilivyobandikwa mwanzoni mwa daftari la jirani yake. Serengeti hajaiona, na ukimwuliza maana ya kivumishi kile kirefu kuliko vyote, atatabasamu na kuinamisha kichwa. Lakini kwa kuwa sarufi imenyooka na maneno ni magumu, amepewa alama za juu, na wenziwe wameambiwa wamwige.

Kosa lake si kubuni. Mtungaji wa hadithi hubuni, na msomaji wake anajua kwamba anasomewa hadithi, basi baina yao hakuna hadaa. Mtoto huyu ameambiwa aeleze yaliyompata, naye ameeleza yasiyompata, kwa maneno yasiyokuwa yake, na kwa ajili hiyo akatuzwa. Kila sentensi ya kuarifu, kwa lugha yoyote iwayo, ni shahada ndogo: asemaye kwamba mvua imenyesha amesimama mahali pa shahidi, na amedai kwamba ameiona, au ameambiwa na mwaminifu, au ameitambua kwa dalili. Sura ya Israi humhadharisha mja asiandame jambo asilokuwa na ujuzi nalo, kwa kuwa viungo vyake vya kujulia vitahesabiwa; na amri alizopokea Nabii Musa, ambazo Wakristo wa Maneromango, Kisarawe, wamezisoma tangu siku za misheni ya Kilutheri, zimeuweka ushahidi wa uwongo katika orodha moja na wizi na uuaji. Mafakihi nao walikataza kuuza samaki angali majini, wala si kwa sababu samaki ni haramu, bali kwa sababu muuzaji hana mkononi kile anachokinadi. Neno lisilojulikana maana kwa mwandishi wake ni bidhaa ya namna hiyo.

Hapa patasimama mzee wa chuoni na kuniuliza, kwa insafu kabisa, kama mimi nawakataza watoto kusoma Juzuu Amma, maana katika pwani hii vizazi na vizazi vimeihifadhi Kurani kabla ya kujua maana ya aya moja, na hapana mwenye akili aliyewaita waongo. Hoja yake ni nzito, na jawabu lake ndilo kiini cha shauri langu. Msomaji wa Kurani ni mchukuzi wa neno lisilokuwa lake; kalima ni ya Mola, nayo ina baraka kwa Mwenyewe, wala usahihi wake hautegemei fahamu ya mchukuzi. Mwandishi wa insha hachukui neno la mtu. Yeye ndiye mwenye neno, na kama yeye halijui basi halina mwenyewe. Tena hata katika ibada wanazuoni wetu hawakuridhika na sauti tupu. Khutba ya Ijumaa ikisomwa kwa Kiarabu, mawaidha hutolewa kwa Kiswahili ili watu waende na maana; na Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, ambaye alikuwa pia mwalimu wa shule Unguja, alitumia miaka mingi ya uhai wake kuifasiri Kurani kwa Kiswahili, tafsiri iliyotoka kamili mwaka 1969. Kanisa Katoliki nalo, lililoadhimisha misa kwa Kilatini kwa karne nyingi, liliruhusu lugha za waumini kwa uamuzi wa mtaguso uliokutana Vatikani kuanzia 1962 hadi 1965. Ikiwa wenye neno takatifu wameona haja ya maana, mwalimu wa lugha atajitetea kwa hoja gani?

Atajitetea kwa hoja ya pili, kwamba hapana ajifunzaye lugha bila kuiga, na kwamba hifadhi hutangulia fahamu. Hili pia ni kweli kwa kadiri yake. Imesimuliwa kwamba Imamu Ghazali katika ujana wake alivamiwa na majambazi njiani, wakamnyang'anya mfuko uliokuwa na maandishi aliyoyapokea kwa masheikh wake; alipowasihi wamrudishie, akisema ndiyo ilimu aliyoihama nchi kuitafuta, mkuu wao alicheka na kumwuliza ni ilimu gani hiyo ambayo mtu akiibiwa mfuko hubaki hana kitu. Maandishi alirudishiwa, lakini maneno ya jambazi yalimwingia, akakaa miaka mitatu akiyahifadhi yote moyoni. Kwa hiyo sina ugomvi na hifadhi. Ila Ghazali yule yule, alipopevuka, aliandika kwamba taklidi, yaani kufuata tu neno la wengine, haitoshi kuwa yakini, na akataka kujua mwenyewe yale aliyoyapokea kwa wengine. Mtoto na ahifadhi, basi, lakini alichokihifadhi kihesabiwe kuwa ni amana aliyowekewa mpaka siku atakapoweza kukitumia kusema jambo lake. Na mwalimu asimpe alama za umiliki kwa kitu ambacho bado ni cha kuwekewa.

Na kwamba mtoto aweza kushuhudia kweli kwa lugha ambayo hakuzaliwa nayo, tunao ushahidi wenye uhusiano na ardhi hii hii. Wamisionari wa Kianglikana walikuwa na shule Kiungani, Unguja, iliyolea wavulana waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Na chuo cha Mtakatifu Andrea kilichotokana na kazi hiyo ndicho kilichohamia Minaki, Kisarawe, katika miaka ya 1920. Mwaka 1887 kilitolewa kitabu cha habari walizoziandika baadhi ya wavulana wale, kikafasiriwa kwa Kiingereza na A. C. Madan, mtu ambaye baadaye alitunga kamusi zilizokuwa msingi wa kamusi za mwaka 1939 zilizosimamiwa na Frederick Johnson. Wale hawakuwa Waswahili wa kuzaliwa; walikuwa watoto wa makabila ya bara, na Kiswahili kwao kilikuwa lugha ya kufundishwa, kama Kiingereza kilivyo kwa mtoto wa Pangani. Waliandika jinsi walivyoishi makwao, jinsi vita vilivyowafikia, walivyouzwa mkono kwa mkono, na walivyopelekwa pwani. Hawakuwa na akiba kubwa ya maneno, lakini kila neno walilokuwa nalo lilikuwa na jambo nyuma yake. Na ndiyo sababu maandishi ya watoto wasiojulikana yanasomwa hata leo na wanahistoria, hali insha za vivumishi hazisomwi na mtu baada ya siku ya kusahihishwa.

Wala tusidhani kwamba ugeni wa Kiingereza ni aibu ya mwanafunzi peke yake. Shirika la Elimu Kibaha, ambalo shule yake ya sekondari ilianza 1965, ni zao la mradi wa mataifa ya Nordiki ulioanza 1963 na kukabidhiwa serikali yetu 1970. Na walimu waliotoka huko waliwafundisha vijana wetu kwa Kiingereza, lugha ambayo wao wenyewe waliipata darasani, kwa kuwa makwao husemwa Kidenmaki, Kinorwe, Kiswidi na Kifini. Hivyo lugha hiyo ilipata kuwa hapa kiwanja cha watu wawili walioazima, na hapana aliyekuwa na haki ya kumcheka mwenzake. Mtakatifu Agostino, Mwafrika wa kaskazini aliyekuja kuwa askofu wa Hippo, alieleza katika Maungamo yake kwamba Kilatini alikipata bila hofu, katikati ya walezi waliomchekea, na Kigiriki alikichukia kwa kuwa kilikuja pamoja na vitisho. Akawalaumu pia wasomi wa zama zake waliotahayari kwa kosa la matamshi kuliko kwa chuki dhidi ya mwanadamu. Mwalimu anayemfedhehesha mtoto kwa kosa la sarufi, na kunyamaza mbele ya uwongo wa insha nzima, yuko katika lawama hiyo.

Hoja ya lugha gani ifundishie sekondari ni ndefu. Tume ya elimu ya Makweta iliishauri serikali mwaka 1982 kwamba Kiswahili kichukue nafasi hiyo kuanzia 1985, na ushauri haukutekelezwa. Nami leo naiacha, kwa sababu hata kama ungetekelezwa, bado watoto wangehitaji Kiingereza kilicho cha kweli. Wachunguzi wawili, Criper na Dodd, walipopima hali ya Kiingereza katika shule zetu mwaka 1984, waliona kwamba wanafunzi wengi hawakifahamu kwa kadiri ya kukisomea masomo mengine. Ukafuata mradi ulioleta shuleni vitabu vyepesi vya kusomwa kwa wingi. Nadhani dawa ile ilikuwa na hekima kuliko ilivyohesabiwa, kwa kuwa mtoto asomaye vitabu ishirini vyepesi anavyovielewa hukutana na neno moja katika hali nyingi, mpaka akalijua kama ajuavyo tabia ya jirani. Na asomaye kitabu kimoja kigumu asichokielewa huokota mapambo.

Basi iweje kazi ya darasani, ikiwa tumekubali kwamba kuandika ni kushuhudia? Kwanza, mtoto na aulizwe jambo analolijua kuliko mwalimu wake: tanuri la mkaa hupangwaje, muhogo humenywa na kuanikwaje hata ukawa makopa, maembe huuzwaje msimu wake ukifurika. Na alisimulie kwa mdomo, kwa Kiswahili, mbele ya wenziwe watakaomkatiza akikosea ukweli. Kisha aliandike kwa Kiingereza kichache alicho nacho, na pale atakapokwama kwa kukosa neno ndipo apewe, kwa maana neno lililotafutwa kwa haja halisahauliki kama lililotolewa ubaoni kwa orodha. Pili, vitenzi vitangulie vivumishi: ajue kumenya, kukuna, kuchuja, kupepeta na kupalilia, pamoja na vijineno vinavyoandamana na vitenzi vya Kiingereza na kuvigeuza maana, kabla hajafundishwa namna kumi za kusema kwamba jambo ni zuri. Tatu, kila neno jipya aliandikie sentensi iliyo kweli katika maisha yake mwenyewe, alirudie baada ya siku chache, na tena baada ya majuma. Maneno matano yaliyokaa ni mali kuliko hamsini yaliyopita. Nne, insha iandikwe zaidi ya mara moja: mara ya kwanza ipimwe kwa ukweli na uwazi, mara ya pili kwa nyakati za vitenzi, mara ya tatu kwa tahajia, kwani mtoto anayerudishiwa ukurasa mwekundu wote hajui aanze kutubu wapi.

Tano ni kufasiri. Mwalimu Nyerere, aliyefundisha Pugu, jirani na Kisarawe, baada ya kurudi kutoka Edinburgh mwaka 1952 na kabla ya kujiuzulu ualimu mwaka 1955, alipokuwa mkuu wa nchi alizifasiri tamthilia mbili za Shakespeare, ya Julius Caesar iliyotoka 1963 na ile aliyoiita Mabepari wa Venisi, 1969. Mfasiri hana pa kujificha: neno asilolijua humzuia njia, wala hawezi kulipita kwa tabasamu. Aya moja fupi kwa juma, kutoka Kiingereza hata Kiswahili na kurudi, itamfunulia mtoto mpaka wa ujuzi wake kwa haki kuliko mtihani wowote.

Najua mzazi atasema kwamba mtahini hulipa kwa fasaha, na kwamba mwanawe kwanza afaulu. Sitambeza, maana ada na matumaini ni yake. Lakini namwomba aangalie mbele ya mtihani. Katika wilaya ya Kisarawe vijiji kadhaa vilipata kutoa maelfu ya hekta kwa kampuni ya kigeni iliyokuja kulima mibono ya mafuta, na mwaka 2011 shughuli zile zikasimama, ardhi ikabaki na mashauri yake. Sitoi hukumu juu ya jambo lile; nasema tu kwamba watoto wa Pangani na wa Kisarawe watakuja kuketi katika mabaraza ya namna hiyo, mbele ya karatasi za Kiingereza zinazongoja majina yao. Aliyezoezwa tangu utoto kuandika maneno asiyoyajua na kusifiwa atatia sahihi kama alivyoandika insha. Aliyezoezwa kutoliita lake neno asilolijua maana ataiweka kalamu mezani, atauliza mbele ya watu wote neno hili lina maana gani, na hatatia jina lake mpaka ajibiwe. Na kwa hesabu yangu huyo ndiye aliyefaulu Kiingereza.