Deni la Umeme Mlimani Kilimanjaro

Kabla nguzo ya kwanza ya umeme haijasimikwa Moshi, miteremko ya Kilimanjaro ilikuwa na sheria yake ya maji. Mifongo, ile mifereji ambayo Wachagga waliichimba kwa mikono na kuipitisha kwenye kingo za makorongo mpaka vihambani, yaani kwenye mashamba ya nyumbani, iliwashangaza wageni wa Ulaya waliofika huko karne ya 19. Ukoo uliochimba mfongo ndio uliokuwa na kauli ya kwanza juu yake. Maji yaligawanywa kwa zamu, na mvua zilipoharibu kingo, kila aliyeutegemea mfongo alitoka kuzibua na kuziba. Asiyetokea alitozwa faini.

Ndani ya sheria hiyo kulikuwa na imani. Mvua ni ya Mungu na hakuna binadamu awezaye kuimiliki, lakini maji yaliyofika kihambani kwa jasho la watu yana wenyewe. Tanzania inapojisifu leo kwa umeme unaotokana na maji, na inapowahimiza wananchi wake waache kuni na mkaa, imani hiyo inastahili kuulizwa upya: anayewasha taa anadaiwa nini, na nani?

Njia ya maji yenyewe inaonyesha kwa nini swali hili si la kinadharia. Mito ya Kikuletwa na Ruvu, inayobeba maji ya Kilimanjaro na Meru, huingia katika bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa miaka ya 1960. Kituo cha bwawa hilo kina uwezo wa megawati 8. Maji yakishatoka hapo hufuata mto Pangani hadi Hale, kituo cha megawati 21 kilichoanza kazi mwaka 1964, kisha kwenye mitambo ya New Pangani Falls, megawati 68, iliyokamilika katikati ya miaka ya 1990. Tone lililodondoka kwenye msitu wa Kibosho linaweza kunywesha mgomba, kulowesha jaruba la mpunga, kupita bwawani na kuzungusha mitambo mitatu kabla halijaifikia bahari. Kila aliye njiani anaona ni haki yake.

Wakulima wa mlimani walipoambiwa kwamba maji sasa yanahitaji kibali na ada ya serikali, jibu lao lilikuwa moja: maji ni ya Mungu, iweje tuyalipie? Jibu hilo lina uzito zaidi kuliko maofisa wengi walivyolipokea. Mapokeo ya Mtume Muhammad yanafundisha kwamba watu ni washirika katika maji, malisho na moto, mambo matatu ambayo kwa lugha ya leo tungeyaita mto, ardhi ya wote na nishati. Wanasheria wa Kiislamu wakaongeza kwamba maji ya mtoni ni ya wote, ila aliyeyateka na kuyatia katika chombo chake amekwisha kuyamiliki. Julius Nyerere, Mkatoliki aliyesali kila siku, aliandika mwaka 1958 katika "Mali ya Taifa" kwamba ardhi ni zawadi ya Mungu kwa watu wote, na kwamba mtu humiliki kile alichokiongeza kwa kazi yake. Mzee wa mfongo, mwanasheria wa Kiislamu na Nyerere hawakuwahi kukaa baraza moja, lakini wamefika mahali pamoja: zawadi ni ya wote, na haki ya mtu mmoja mmoja huanzia kwenye kazi.

Ni kweli pia kwamba kauli ya "maji ni ya Mungu" imewahi kuwaumiza watu. Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliojengwa kwa msaada wa Japani na kukamilika mwaka 1987, ulipangwa kumwagilia hekta 2,300, kati ya hizo 1,100 zikiwa za mpunga. Mpunga ulistawi katika vijiji vya mradi, Mabogini na Chekereni, majirani wakauona, nao walioko juu ya mto wakachepusha maji kulima wa kwao. Mashamba yaliyochimbiwa mifereji ya kisasa yakabaki yakisubiri maji. Wote walimtaja Mungu yule yule, ila nidhamu ya zamu na kazi ya pamoja haikuwapo tena.

Basi kama haki hutokana na kazi, ni kazi ya nani iliyomo ndani ya uniti moja ya umeme? Mhandisi yumo. Yumo fundi wa TANESCO, shirika la umeme la taifa, anayepanda nguzo usiku wa mvua. Lakini umeme wa maji huanza mbali zaidi ya mtambo. Barafu ya Kilimanjaro, ambayo dunia nzima huililia, ilipungua kwa asilimia 85 kati ya mwaka 1912 na 2007, na bado si hiyo inayolisha mito kwa sehemu kubwa. Mtaalamu wa mimea Andreas Hemp, aliyeuchunguza mlima huu kwa miongo mingi, ameonyesha kwamba msitu ndio tangi lenyewe: hupokea mvua, hukamua ukungu kwa majani na kuvumwani, kisha huachia maji polepole. Katika msitu huo ndimo ulimopatikana mkukusu wa mita 81.5, mti mrefu kuliko wote uliowahi kupimwa Afrika, uliotangazwa mwaka 2016. Mwaka huo huo Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilieleza kwamba moto umeteketeza takriban hekta 13,000 za misitu ya mlima tangu 1976.

Msitu uliobaki una watu walioacha kuukata, na wengi wao ni wanawake.

Kati ya vijiji na msitu wa hifadhi upo ukanda unaoitwa Nusu Maili, uliotengwa wakati wa Waingereza ili wananchi wapate kuni, majani ya ng'ombe na miti ya kujengea. Mwaka 2005 msitu wa hifadhi uliunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, na ukanda huo ukaingia katika mvutano mrefu kati ya wanavijiji na walinzi. Mama wa Mbokomu au Marangu aliyekuwa akipanda na kushuka na mzigo wake wa kuni alikuta mlango umefungwa, au umefunguliwa kwa masharti.

Hapa pana fundo la kifalsafa, na si jepesi. Je, kujizuia ni kazi? Mtu haombi mshahara kwa sababu hakuiba. Ikiwa mti si wako, kutoukata ni wajibu wako tu, na hakuna anayedaiwa kitu. Hoja hii ina nguvu, na serikali ikiitumia itakuwa na neno la kusema. Lakini asiyeiba hujizuia na mali ya mwenzake, ilhali mama huyu anajizuia na kitu alichokuwa nacho kwa desturi na hata kwa utaratibu wa serikali yenyewe. Anachokiacha kinageuka faida kwa wengine: unyevu unaobaki mlimani, mto usiokauka Januari, mtambo unaozunguka Hale. Hasara yake inaonekana kila jioni jikoni. Mzigo unaobebwa na mmoja ili wengi wafaidike, kwa kipimo cha mfongo, ni kazi, na asiyechangia kazi hiyo ndiye aliyekuwa akitozwa faini.

Kanisa la Kilutheri limeligusa jambo hili kwa vitendo. Askofu Fredrick Shoo, aliyeongoza Dayosisi ya Kaskazini na baadaye kanisa lote, KKKT, alijulikana hata Ujerumani kama askofu wa miti, kwa sababu alifanya upandaji miti kuwa sehemu ya malezi ya Kikristo, vijana wa kipaimara wakiwamo. Hilo ni jema na limezaa matunda. Tatizo ni kwamba mahubiri ya kupanda miti yanawaendea zaidi wale wale walioko mlimani, na mteja wa Tanga au Dar es Salaam anayenunua umeme wa LUKU hajaambiwa na mtu yeyote kwamba naye ni mshirika wa msitu huo.

Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Mitungi ya gesi imegawiwa kwa ruzuku kupitia Wakala wa Nishati Vijijini, na kuunganishiwa umeme kijijini ni shilingi 27,000. Kwa familia ya mlimani, mtungi wa kwanza si kazi ngumu. Ugumu huja gesi inapoisha, kahawa haijauzwa, na msitu uko hatua chache nyuma ya nyumba. Mzigo wa kujaza tena unaachiwa yule yule ambaye kujizuia kwake kunawanufaisha wengine.

Wakati huo huo, hesabu ya taifa imebadilika. Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115, na mtambo wake mmoja tu, megawati 235, unazidi mara mbili vituo vyote vitatu vya Pangani kwa pamoja. Hata hivyo Rufiji ni mbali na Moshi. Machi 2025, akiwa mkoani Kilimanjaro kuzindua mradi wa maji wa Same na Mwanga, Rais Samia Suluhu Hassan alieleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya kanda ya kaskazini, kwa kuwa umeme unaosafirishwa kutoka kusini hupotea mwingi njiani. Mradi aliouzindua siku hiyo unachota maji Nyumba ya Mungu, bwawa lile lile la kuzalisha umeme.

Kwa kuwa umeme wa Pangani sasa ni sehemu ndogo tu ya umeme wa taifa, nafasi ya kugawa upya maji na faida zake ipo kuliko wakati wowote tangu Hale ifunguliwe. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inatanguliza maji ya matumizi ya nyumbani, kisha mazingira, ndipo mengine. Inatambua pia jumuiya za watumia maji, ambamo wazee wa mifongo wanaweza kukaa kwa haki na si kwa kuhurumiwa. Bodi ya Maji Bonde la Pangani ina makao yake Moshi hapo hapo, na hutoza ada kwa wenye vibali vya maji. Sehemu ya ada zinazotokana na umeme ingeweza kupanda mlima: kukarabati mifongo inayovuja, na kuwapunguzia bei ya kujaza gesi, kabla ya wengine wote, wanavijiji wanaopakana na Nusu Maili. Fedha hizo ziandikwe kwenye vitabu kama malipo ya kazi, kwenye safu ile ile ya mishahara ya mafundi, wala zisiitwe msaada.

Ikifanyika hivyo, wakulima watakuwa na sababu ya kuupokea mwito wa nishati safi kama jambo lao. Isipofanyika, watabaki na jibu walilolitoa mwanzo, kwamba maji ni ya Mungu, na itakuwa vigumu kuwaambia wamekosea.