Aliyeinama Nyuma ya Mtoto

Ndugu zangu wa Boito,

Ijumaa iliyopita, baada ya sala, niliwasikia vijana wetu wawili wakibishana juu ya vita. Mmoja alisema mpiganaji anayejificha katika nyumba za watu ametumia akili. Mwenzake akajibu kwamba waliomo humo wamejitakia, wapigwe wote. Wote wawili walikuwa ndiyo kwanza watoke kusujudu. Sikupata usingizi.

Suratul Fat-h, aya ya 25, mnaisomaje? Mwenyezi Mungu aliizuia mikono ya Waislamu isiingie Makka kwa vita, kwa kuwa mlikuwamo waumini, wanaume kwa wanawake, wasiojulikana, wasije wakakanyagwa. Msafara mzima ulirudi kutoka Hudaibiya. Nyinyi damu hiyo mnaihalalisha barazani, chai mkononi!

Januari 2008, Kenya ilipowaka baada ya uchaguzi, nilikuwa natoka Kericho. Barabara ilikuwa imefungwa kwa mawe na magogo. Gari la polisi lilipotokea, vijana wenye mishale wakakimbilia nyuma ya akina mama waliokuwa wakitoka kuchuma chai, vikapu vikiwa bado mgongoni. Mama mmoja mwenye mtoto mchanga alitaka kupita pembeni. Kijana akamkamata leso, akamrudisha mbele yake. Kwa kuwa alimzidi kimo, akainama. Mwanamume mzima, ameinama nyuma ya mtoto anayenyonya! Risasi haikupigwa, alhamdulillahi. Lakini jioni yule kijana alisifiwa, na sisi wazee tukanyamaza.

Mogadishu hawakusalimika hivyo. Mwaka 2010 na 2011, al-Shabaab walirusha makombora kutoka soko la Bakara, katikati ya watu, na majeshi ya Umoja wa Afrika yakayajibu kwa makombora huko huko sokoni. Muuza nyanya alikuwa na kosa gani? Wanazuoni walikwisha kulipatia jambo hili jina, tatarrus, kumfanya mtu ngao. Aliyejificha nyuma yake amebeba dhambi, na aliyempiga akijua yupo pale amebeba yake. Msinipimie dhambi kwa dhambi.

Tena wanaojificha hivyo wanadai wanaupigania Uislamu. Tarehe 21 Desemba 2015, karibu na El Wak, al-Shabaab waliposimamisha basi la Mandera na kutaka Wakristo watengwe, Waislamu waliwavisha wanawake Wakristo hijabu zao, wakakataa kutengana nao. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafa Januari 2016. Yeye alitanguliza mwili wake mwenyewe. Hakumvuta mtu leso.

Wale vijana wawili mnawajua, ni wana wenu. Waleteni kwangu Ijumaa hii, kabla ya adhana.