Neno la Kijana Mbele ya Tabibu

Mtu akiulizwa akanyamaza, twasema kwamba hana jibu au ana jeuri. Hukumu hiyo ni ya haraka, na tabibu aitoapo huweza kumdhulumu kijana aliyemjia kutaka msaada.

Mfikirie kijana mwenye usonji. Mwanga wa taa wamchoma, mlango ubamizwao wamtawanya fikira, wala hawezi kumtazama mtu machoni huku akitafuta maneno. Naye ana jambo zito la kueleza: jinsia anayojitambua nayo siyo ile aliyoandikiwa alipozaliwa. Mambo haya mawili hukutana mara nyingi. Mwaka 2020 watafiti wa Cambridge, Uingereza, waliochunguza habari za watu zaidi ya 600,000, walieleza kwamba watu wenye hali hii ya jinsia walielekea kuwa na usonji mara 3 hadi 6 kuliko wengine.

Tabibu humwuliza, "Una hakika?" Kijana hujibu, "Sina." Tabibu huandika kwamba kijana ana shaka. Kumbe kijana amelipima neno "hakika" kwa mizani kali, akaona kwamba hakuna awezaye kuapa juu ya kesho. Amesema kweli, na kweli yake imemponza. Nani basi ameshindwa kuelewa? Damian Milton, mwanazuoni wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika mwaka 2012 kwamba kutoelewana huku kuna pande mbili.

Wako wasemao kwamba kijana huyu asisikilizwe, maana "huo ni usonji tu." Sikubaliani nao. Usonji hubadili njia ya kusema; haumfanyi msemaji kuwa mwongo. Mwongozo wa John Strang wa Washington na wenzake, wa mwaka 2018, ulishikilia kwamba usonji peke yake usimnyime kijana matibabu yamfaayo, ingawa uchunguzi huenda ukahitaji muda mrefu zaidi. Basi muda huo utumiwe vema. Maswali yapelekwe kabla ya siku ya kuonana, nayo yawe mafupi. Kijana aachwe aandike au achore. Badala ya "Wajisikiaje?" aulizwe, "Ukiitwa jina hili darasani, hutokea nini?" Aulizwe pia apenda aitweje. (Kiswahili chatupa nafuu, kwani "yeye" halichagui, lakini "bwana" na "bibi" huchagua.)

Kazi ngumu kuliko zote ni kungoja. Mzazi hukohoa, saa ukutani yagonga, na tabibu hushikwa na tamaa ya kuimalizia sentensi ya kijana. Akiimaliza, ataandika jibu lake mwenyewe, kisha juu yake aweke jina la kijana.